Nyumba Yenye Akiba Kwenye Mshono

Je, umewahi kumwona fundi cherehani anavyomtazama mgeni? Hamtazami usoni. Anaanzia mabegani, anashuka kiunoni, anamalizia kwenye pindo la suruali, na kabla salamu haijaisha ameshajua nguo yako itakula kitambaa kiasi gani. Mama Futi alikuwa hivyo hivyo. Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, alipoingia kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, kitu cha kwanza kukiona ni vitambaa vyeupe vilivyovalishwa viti. Vyote vilipwaya. Aliyevishona alikuwa na haraka zake.

Mumewe alikuwa ameshakaa. Huyu alikuwa mpishi wa hospitali, sasa amestaafu, na siku hiyo alivaa suti yake ya harusi, ambayo mkewe ameifumua na kuiongeza mara tatu bila mtu kugundua. Alikuja na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza aliandika tarehe, chini yake akaandika "Semina ya Kuwekeza Kwenye Nyumba," akapiga mstari kwa rula, akasubiri.

Walikuwa na sababu ya kuja. Mwenye nyumba wao alishawaambia wapishe vyumba vyake viwili ifikapo mwisho wa mwezi, anataka kuvunja ukuta wa kati afungue duka la simu. Hiyo ilikuwa mara ya saba kuhamishwa tangu waoane. Mzee akasikia redioni kwamba kuna semina, kuingia ni bure, na mtu hutoka pale akijua namna ya kupata nyumba yake. Akamwambia mkewe, "Safari hii hatuhami, mama. Safari hii tunakwenda kwetu."

Mkufunzi alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu vilivyochongoka mbele. Alisema kwa saa mbili na nusu. Alionyesha picha ya gari lake, akaonyesha bwawa lake la kuogelea, akarudi kwenye gari. Aliwasimamisha wote waseme kwa sauti, "Mimi ni mwenye nyumba!" wakasema, na Mzee aliwashinda wote kwa sauti. Lakini kiwanja kinatafutwa wapi, hati inaombwa ofisi gani, chumba kinakula tofali ngapi, hayo alisema yako daraja la pili, na daraja la pili lina ada yake.

"Umeandika nini mpaka sasa?" Mama Futi alinong'ona.

"Tarehe."

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Basi si haba."

Kisha mkufunzi akapitisha kipaza sauti, kila mtu aseme anataka nini. Kinyozi aliyekaa kiti cha jirani akataka hoteli. Mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Maghorofa kumi." Wakampigia makofi. Mama Futi alimtazama kwa pembeni, maana anayajua magoti yake na habari za ngazi. Kipaza sauti kikaishiwa betri kabla hakijamfikia yeye.

"Sasa fumbeni macho," mkufunzi akasema. "Ioneni nyumba yenu."

Wengine waliona juu juu, kama watu wanavyoona. Mama Futi alipima. Vidole vyake vilitembea mapajani kana kwamba vimeshika futi: mabega ya ukuta wa mbele, kiuno cha korido, urefu wa mlango kuanzia kofia ya Mzee hadi kisigino. Kila pembe aliacha shubiri moja ya ziada, kwa mazoea tu.

Walipofumbua macho, nyumba ilikuwa imesimama nyuma ya ukumbi, kati ya meza ya chai na mlango wa choo. Ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza, bati lake limegusa dari.

"Jamani, chooni tunapitia wapi sasa?" kinyozi akauliza.

"Pita kibarazani, utokee mlango wa nyuma," alisema mama wa chai, ambaye alikuwa ameshapanga vikombe vyake pale barazani, kwa kuwa meza ilimbana.

Mkufunzi aliitazama nyumba, akatazama saa. "Mnaona? Hilo ni daraja la kwanza tu. Ya nani?"

Mama Futi alinyoosha mkono. "Yangu. Lakini nimempimia huyu."

Waliruhusiwa kuingia wakati wa chai. Mzee alivuka kizingiti, na kofia yake ikapita bila kugusa. Alitembea mpaka chumba cha ndani, akageuka, akanyoosha mikono pembeni. Kwenye kila pembe ukuta ulikuwa umekunjwa kwa ndani, tofali zimelala juu ya tofali, shubiri nzima.

"Imenikaa," alisema.

"Mabegani je?"

"Mabegani safi kabisa. Hapa koridoni inabana kidogo."

"Nimeacha akiba kwenye mshono. Ukinenepa nitafumua."

"Nani anenepe? Kwa mapishi yako?"

"Mpishi ni wewe, Mzee. Usinisingizie."

Walicheka mle ndani mpaka msichana wa mapokezi akabisha hodi, ameshika fomu walizosaini asubuhi mlangoni. Mzee alivaa miwani akasoma. Iliandikwa kwamba chochote kitakachopatikana ndani ya ukumbi ni mali ya kampuni.

"Hii sahihi ni yako, mama?"

"Ni yangu. Niliambiwa niweke penye alama."

"Hata mimi nimeweka," kinyozi alisema akitokea chooni. "Ila mimi sijapata kitu, afadhali."

"Ningejua ningepimia kule nje kwenye ngazi," Mama Futi alisema, akamrudishia msichana fomu yake.

Wapagazi wanne walikuja kuitoa. Mama Futi alisimama nao, akawaonyesha waanzie mshono wa nyuma, wafumue taratibu, wasije wakararua. Waliikunja mara nne, wakaishusha ngazi hadi kwenye lori, na bati likaja nyuma, limeviringishwa kama mkeka.

Jumatatu nyumba ilikuwa imesimama kwenye kiwanja cha kampuni, nyuma ya kituo cha mafuta, ina kibao: Inapangishwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na hakuna nyumba nyingine mjini ambayo ingemkaa Mzee vile. Walikwenda kuiomba. Msichana wa mapokezi aliwasomea masharti kwa upole: kodi inalipwa mbele, wageni wasizidi siku tatu, ukuta usiguswe. Walisaini penye alama. Safari hii Mzee alisoma kwanza, halafu akasaini vilevile.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuhamia, mkufunzi aliwaleta wanasemina wapya waone kwa macho yao nyumba iliyopatikana kwa mafunzo yake. Walikuwa wengi kuliko wale wa mwanzo. Walichungulia madirishani, wakasema kwa sauti, "Mimi ni mwenye nyumba!" na Mama Futi akawasogezea pazia waone vizuri, kwa kuwa walikuwa wametembea juani. Mzee aliwachotea maji. Saa tisa wakaondoka, wengi wakiwa wameshajiandikisha daraja la pili.

Mzee alirudi ndani kumalizia kufungua maboksi. Alitoa picha ya harusi yao, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akaisimamisha juu ya kiti na kuiegemeza ukutani. Iliteleza. Akaiegemeza tena.

"Mzee," alisema Mama Futi kutoka kwenye cherehani. "Maghorofa kumi ungeyafanyia nini wewe?"

"Kila mtu alikuwa anataja makubwa, nami nikataja."

"Na wewe mwenyewe ulitaka nini?"

Alipitisha kiganja ukutani, juu ya kiti, mahali ambapo macho ya mtu aliyekaa mezani yangefika.

"Nilitaka kupigilia msumari," alisema. "Hapa. Bila kumwomba mtu."