Ndoo za Jumamosi

Chuo kilikuwa na sharti lililomnyima Serwaa usingizi: kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu abuni mwenyewe mradi wa kuhudumia jamii, na mhadhiri aende ajionee kwamba jamii imeupokea. Usipopokewa, unarudia mwaka. Serwaa akabuni ndoo zenye koki za kunawia mikono, ziwekwe kwenye shule ya msingi ya mji wa mama yake, nje ya Kumasi, ambako watoto walikuwa wameharisha muhula mzima. Alifikiria kila kitu, hata rangi ya ndoo. Siku ya makabidhiano akachagua Jumamosi, ili wazazi wawe na nafasi.

Mwashanti mzima, anaita watu Jumamosi, siku ambayo kwao ni ya misiba! Shuleni hakutokea hata mbuzi. Mji wote ulikuwa msibani, umevaa nyeusi na nyekundu, umejaa chini ya maturubai.

Mjomba wake, Badu, mmoja wa wafiwa, alimkuta amekalia ndoo yake analia. Hakumbembeleza.

"We mtoto, watu waache kumzika mtu wao waje kuangalia ndoo? Zilete kule. Jamii unayoitafuta iko kule."

Zikapelekwa. Waombolezaji wakanawa, wakala, wakanawa tena. Mtangazaji, ambaye kazi yake ni kutaja kwenye kipaza sauti rambirambi ya kila mtu, akatangaza kwamba binti yetu msomi ametoa ndoo. Watu wakapiga makofi. Dakta Agyapong, mhadhiri, alifika foleni ya kunawa imenoga. Akasema hajawahi kuona mradi uliopokewa namna hii, akauliza kama tangu mwanzo alipanga kuanzia msibani.

"Ndiyo, Dakta," Serwaa akajibu, na aibu ikamchoma.

Jioni akaanza kumwaga maji ili azirudishe shuleni. Mjomba akamshika mkono.

"Hizi ni za watoto, Mjomba."

"Zilikuwa. Kikishatangazwa msibani ni cha wafiwa, mama. Utawanyang'anya rambirambi yao, watu wote wanakuona?"

Serwaa akaziacha. Akapata alama za juu kuliko wenzake wote. Siku hizi Mjomba anazikodisha ndoo kila Jumamosi, pamoja na viti na maturubai, na wateja hawakauki. Dakta Agyapong amefurahi mno kusikia hivyo. Huo, anasema, ndio mradi unaojiendesha. Shuleni watoto bado wanaharisha.