Fundi wa Kwanza

Mkaguzi alikuwa amestaafu kazi ya kukagua shule, lakini kazi yenyewe haikutaka kumwacha. Asubuhi alikagua chai, mchana akakagua mboga, jioni akakagua jinsi jirani alivyofunga geti lake. Hakuna alichokikuta bila kasoro, isipokuwa kile alichokiona kwenye kioo cha kunyolea.

Nyumba aliyorithi kwa baba yake ilikuwa ya kizamani, kuta nene na dari za juu, na nyuma kabisa kulikuwa na chumba kilichokufa. Plasta ilibanduka kama ganda la yai. Dirisha halikufunguka. Sakafu ilifunikwa zulia la plastiki ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na juu yake vililala viti vya miguu mitatu, baiskeli isiyo na magurudumu, na kila kitu ambacho familia iliona haya kukitupa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba hicho alikitaka tangu akiwa na mimba ya kitindamimba wao, ambaye siku hizi ana ndevu. Alishonea sare za shule koridoni, chini ya taa moja, na kila aliyekwenda chooni alimpita ubavu-ubavu akisema pole. Kila alipokitaja chumba, Mkaguzi alikuwa na jibu lake tayari.

"Mke wangu, umemsahau yule fundi? Aliharibu chumba akatoweka! Fundi mwingine hakanyagi hapa."

Tusifichane: fundi huyo hakuwahi kuzaliwa. Mke alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake, na huku nyuma Mkaguzi mwenyewe akanunua mwiko na saruji, akavua koti, akaamua kumwandalia mkewe maajabu. Maajabu yakaonekana. Ndipo akamzaa fundi, akampa kipara na ulevi, akamtorosha, yote hayo kabla mkewe hajarudi. Uongo wa siku moja ukageuka sheria ya nyumba.

Mwaka huu mkewe hakuomba. Alimleta fundi, wa kweli huyu, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akamwambia, "Chumba ni hiki." Mkaguzi alipotoka kuoga, viti vya miguu mitatu vilikuwa vimeshafika uani.

Fundi alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: hawezi kuanza kazi kabla hajamsengenya aliyemtangulia. Aliupapasa ukuta, akaangua kicheko.

"Mzee, nani aliwafanyia hivi?"

"Jamaa mmoja tu."

"Huyo wa kufungwa! Plasta hii aliikanda kwa maji au kwa machozi? Na dirisha kalipachika kichwa chini!"

"Mlevi," alisema Mkaguzi. "Tena kipara."

"Ufundi alijifunzia wapi?"

"Hakujifunza," akajibu Mkaguzi, na hiyo ndiyo kweli pekee aliyoisema asubuhi ile.

Mkewe alipita mlangoni na kikombe cha chai. "Mwulize vizuri, fundi. Mwenzangu anamjua sana." Mkaguzi hakupenda alivyolitamka hilo neno la mwisho.

Kutukanwa kunauma, na kutukanwa huku unaitikia kunauma mara mbili. Lakini Mkaguzi aligundua dawa yake ni kutukana zaidi. Fundi akitoa kasoro moja, yeye anatoa mbili. Ukuta ulipomalizika alikuwa amemchukia yule mlevi kwa moyo wake wote, na tangu astaafu hakuwahi kufurahi hivyo.

Siku ya kupiga sakafu, mkewe alikwenda kupeleka sare kwa wateja. Fundi akalivuta zulia. Hapo chini, katikati ya saruji ya zamani, palikuwa na nyayo za mtu mzima, zimezama, zimetoka kona ya ndani mpaka mlangoni. Nyani haoni kundule. Huyu aliwekewa lake sakafuni, mchana kweupe. Mkaguzi alizitambua papo hapo, akaificha miguu yake nyuma ya ndoo.

"Ona mpumbavu huyu!" fundi alipiga kelele. "Kaacha watu wakatize saruji mbichi!"

"Ulevi huo," alisema Mkaguzi kwa sauti kavu. "Zifukie. Anzia hapa mlangoni, zinapoonekana zaidi. Upesi, kabla mama hajarudi."

"Mzee, kawaida tunaanzia ndani..."

"Mwenye nyumba ni nani?"

Fundi akaanzia mlangoni. Saruji waliikanda humo humo chumbani. Mkaguzi alisimama nyuma yake na pima maji mkononi, akihakikisha kila unyayo unazikwa, na kwa kila mmoja uliofunikwa moyo wake ulipata nafuu. Waliendelea hivyo, fundi akirudi nyuma kwa magoti na kumsengenya kipara, Mkaguzi akiitikia, mpaka unyayo wa mwisho ukafukiwa kwenye kona. Uongo wake ulikuwa umepata kaburi la saruji.

Fundi akanyooka, akautazama mlango. Mkaguzi naye akautazama. Ulikuwa mbali, na katikati sakafu nzima ilimeremeta kwa ubichi. Dirisha ndilo hilo la kichwa chini, tena lina nondo.

"Mzee, tunatokaje?"

"Usipite katikati," alisema Mkaguzi kwa uhakika wa mtaalamu. "Katikati unazama. Pita ukingoni, kwa ncha za vidole. Mimi nilipita kati..."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mfuko mtupu begani.

"Malizia, baba watoto."

Njia ya mwongo ni fupi. Hii haikuzidi urefu wa chumba.

"Kumbe ni wewe!" fundi alisema. "Na kile kipara?"

Mkaguzi alizishika nywele zake. Alimgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Suruali ile alifua nani? Saruji mpaka magotini. Niliisugua nikisema, leo ataniambia. Kesho ataniambia. Neno moja tu, baba watoto: nimeharibu. Ningecheka, tungemwita fundi, ningeshona humu na dirisha wazi." Hakupaza sauti. "Sasa chumba nimekipata, na uzi natungiwa na jirani. Macho yamekwisha kule koridoni."

Kwa mazoea tu, Mkaguzi alitafuta kasoro katika maneno hayo. Hakuiona. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akainua mguu amwendee.

"Thubutu!" alisema mkewe. "Kanyaga sakafu yangu uone. Kaeni humo mpaka ikauke."

Akauvuta mlango. Ukagoma nusu, kama kawaida yake, akaupiga teke ukaingia. Punde cherehani ikaanza kulia koridoni.

Wawili wale walibaki kwenye kona, bega kwa bega. Fundi alijitahidi kunyamaza, lakini ugonjwa ni ugonjwa. Aliutazama mlango, akainamisha kichwa kuufuata ulivyopinda.

"Mzee, na huu mlango je? Aliupachika nani?"

"Mimi," alisema Mkaguzi.