Spika ya Kulia

Fundi alichomeka waya wa mwisho nyuma ya amplifaya, akapangusa mikono, akaketi kwenye kiti chake katikati ya sebule kama hakimu. Televisheni mpya waliyoletewa na binti yao ilikuwa na kisauti chembamba cha mbu, na yeye, mtu aliyetengeneza redio za watu miaka arobaini, angekubali vipi aibu hiyo nyumbani kwake? Pini nyeupe kushoto, nyekundu kulia. Taarifa ya habari ya mchana ikaunguruma.

"Kulia kimya," akasema.

Mkewe alikuwa ameketi kulia kwake, anashona vifungo vya shati la mteja. Akashangaa, maana spika hiyo ilikuwa inampigia kelele yeye usoni. "Kimya wapi, mzee? Mbona mimi naisikia?"

Fundi hakujibu. Hata shingo hakugeuza.

Na hapo ndipo palipokuwa panamuuma mama wa watu. Mwezi wa tatu huu anasema na mumewe, mumewe kimya. Kitandani ndiyo usiseme: yeye hulala upande wa kulia tangu waoane, na siku hizi anaongea na dari. Halafu saa nyingine, akiwa jikoni au mlangoni, mzee humjibu vizuri tu, tena kwa utani. Hilo ndilo lililommaliza. Kumbe mdomo anao, ila anachagua! Mwanamke akajua amechokwa, na kuchokwa uzeeni, jamani, kusikie kwa mwenzio tu. Asubuhi hiyo mezani, ameketi palepale kulia kwake, alikuwa amemwambia waziwazi, "Ijumaa nakwenda kwa dada. Kurudi sijui." Mzee akaendelea kupaka mkate siagi. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda.

Sasa Fundi alikuwa na kanuni moja, aliihubiri mpaka wateja wakaichoka: usimtuhumu yeyote kabla hujabadilisha. Akachomoa pini, nyekundu ikaenda kwa nyeupe, nyeupe kwa nyekundu. Kama mgonjwa ni waya, ukimya ungehamia kushoto. Wapi! Akahamisha spika zenyewe, ya kulia ikawa kushoto. Ukimya palepale. Akaitoa televisheni, akaunganisha deki ya kaseti. Ukimya umekaa kulia, umekunja nne.

Akachuchumaa, akaibandikia spika sikio lake la kulia. Aliliita sikio la kazi, maana ndilo alilobandika kwenye spika za watu maisha yake yote, huku mkono unazungusha sauti mpaka mwisho. "Imekufa hii," akasema. Kitambaa kilichofunika spika kilikuwa kinatetemeka. "Amplifaya imeharibika. Ni huku kufutafuta vumbi kila siku!"

Ahaa, sasa kosa lake! Mama akainuka asije akatukana, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, upande wa kulia ulikuwa umejaa nyaya, basi akaweka kikombe kushoto. "Chai hiyo," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka hata kusikika.

"Ahsante, mama. Sukari umetia, au leo nimenyimwa?"

Mama akasimama. Akamtazama mzee, akazitazama spika. Polepole akazunguka nyuma ya kiti mpaka kulia, na kwa sauti ileile akasema, "Nimekutilia chumvi, vijiko vitatu."

Fundi akainua kikombe, akanywa kwa raha zake.

Hasira ya miezi mitatu ikamtoka mama ghafla, hata akakosa pa kujishikiza. Akarudi kushoto. "Mzee, kuna kitu kimoja hujakibadilisha."

"Kipi?"

"Kiti."

Fundi akacheka. Lakini kanuni ni yake mwenyewe, angeikataaje? Akageuza kiti, akaketi, mgongo kwa spika, uso ukutani. Kaseti ikaendelea kuimba. Kicheko kikamkauka. Spika iliyokuwa imekufa sasa ilikuwa inaimba, na ile nzima ndiyo imekufa. Akageuza kiti tena, na tena. Mwishowe akaligusa sikio la kazi kwa kidole, taratibu.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu huu. Tangu ulipoacha kunijibu."

"Mimi?" Akamtumbulia macho. "Si wewe uliyeacha kuongea nami kitandani? Nikajua mama kanichoka, nisimsumbue."

Mama akalia, kisha akacheka hukuhuku analia, na mzee naye macho yakamjaa, kwa woga wa lile sikio na kwa furaha, vyote pamoja. Akabonyeza kitufe cha amplifaya kinachochanganya pande zote mbili ziwe moja. Kisha akachukua kigoda cha mkewe, akakihamishia kushoto kwake, karibu kabisa.

"Asubuhi mezani nilikuona unachezesha mdomo, nikadhani unatafuna," akasema. "Ulisema nini?"

Mama akatazama mlango wa chumba cha kulala.

"Nilisema Ijumaa tunakwenda kwa daktari wa masikio."

"Kumbe tangu asubuhi ulikuwa umeshajua?"

"Kunywa chai, mzee, inapoa."