Makoti Matano ya Rangi ya Bizari

Hanoi, majira ya kupukutika majani hayaji yenyewe. Hutangazwa na Thoa. Kila mwaka, Septemba mosi, jua likiwa bado linakaanga watu kama dagaa, Thoa husimama mbele ya duka lake la nguo mtaa wa Hang Bong, akajifunga skafu, akajitwika kofia bapa ya sufu, kisha akaiambia simu yake kwa sauti ya mtu aliyefiwa jana: "Akina dada, upepo umebadilika. Mmeuhisi?"

Wafuasi wake elfu themanini hujibu kuwa wameuhisi. Asiyeuhisi ni mama yake, Bi Ngoan, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Siku hizi kazi yake ni kukaa dukani karibu na feni, kumenya balungi na kusema asiyoulizwa.

"Upepo gani, mwanangu? Hiyo ni feni yangu."

Thoa alikuwa na elimu ya kutoa. Mwanamke mwenye ladha, alifundisha, katika majira haya havai nguo, anajijenga: gauni chini, sweta nyepesi katikati, koti juu. Rangi ziwe za vitu vinavyokufa, kahawia, maruni, kutu ya geti. Na shingo isiachwe wazi hata kidogo, kwa sababu uso unaweza kudanganya umri lakini shingo ni shahidi wa serikali.

Mwaka ule, hata hivyo, alikuwa na jambo la kumnyima usingizi. Msimu uliotangulia aliagiza makoti ya sufu marobota mawili, na baridi ikaja siku nne tu, ikaaga. Makoti yakabaki ghalani juu, yote rangi moja, manjano iliyokolea ya bizari, yote yamekatwa kwa mwanamke mpana ambaye Hanoi nzima hayupo. Rangi ile Thoa aliipa jina: "jani la mwisho."

"Ni bizari," alisema Bi Ngoan. "Ukiloweka hilo koti, unapika samaki."

Wiki ya pili ya Septemba akaingia Bi Oanh. Mume wake alikuwa mkurugenzi kabla ya kustaafu, lakini cheo alichojivunia mwenyewe ni kile cha ukiranja wa darasa, ambacho hajawahi kukikabidhi kwa mtu tangu amalize shule miaka thelathini na mitano iliyopita. Darasa lao lilikuwa likutane Jumapili kupiga picha ya kumbukumbu chini ya miti ya barabara ya Phan Dinh Phung, ambako wanawake wote wa mji hupigia picha msimu huo.

"Na Tuyet anakuja," alisema, akajitupa kitini. "Yuko Leipzig miaka thelathini. Kule wana majani mekundu ya kweli." Aliyasema maneno hayo kwa uchungu, kama vile Tuyet aliyaiba shambani kwake. "Atatokea na koti la Kijerumani na mabuti, asimame kando yangu. Mdogo wangu Thoa, sitaki kuonekana mpishi wake."

"Dada Oanh, niachie mimi."

Akamvisha gauni la maruni. Lilimpwaya kama pazia. Thoa alikwenda nyuma, akakikusanya kitambaa, akakibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, kimoja, viwili, hadi tisa, toka shingoni mpaka kiunoni. Kwenye kioo, kwa mbele, Bi Oanh akawa na kiuno alichokiacha mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Na huko nyuma?"

"Nyuma hakupigwi picha." Akamtupia koti la bizari, akamfunga skafu, akamtwika kofia. "Ila koti usilivue."

"Na joto?"

"Mrembo hatoki jasho, dada. Anang'aa."

"Basi jana nimeng'aa mpaka kwenye soksi," alisema Bi Ngoan kutoka kwenye feni.

Bi Oanh hakusikia, alikuwa anajitazama. Thoa akamwinamia sikioni. "Wenzako usiwaambie. Koti hili jijini ni moja tu."

Siku iliyofuata alikuja Bi Lieu, mnene, mcheshi, anayenong'ona hata anapoagiza chai. Alitaka kitu cha "shughuli ya kifamilia", Jumapili, asubuhi, sehemu yenye miti. Thoa akamwambia rangi ya jani la mwisho inapunguza mwili. Jioni akaja mwingine, mwembamba kama kijiti cha kulia wali. Yeye aliambiwa rangi hiyo inajaza. Wa tatu huyo alipotaja Leipzig, Thoa alishtuka. Alipokuja wa nne hakuwa na shaka tena kwamba wote ni wa darasa moja. Lakini alipopanda ghalani aliona ukuta nyuma ya makoti, ukuta ambao hakuwa ameuona tangu mwaka jana, na moyo wake ukalainika. Wa tano aliondoka na la tano.

"Umewashonea sare," alisema mama yake.

"Kila mtu ana namna yake ya kuvaa, mama."

"Namna gani? Umewabana wote migongo kama nguo kwenye kamba. Mimi nilikuwa natoa mshono, naukata upya, mtu akigeuka ni mtu. Wewe unauza nusu mtu."

Thoa alimwambia zama zimebadilika. Bi Ngoan akatema mbegu ya balungi.

Jumapili asubuhi saa tatu joto lilikuwa limeshafika nyuzi thelathini na nne. Thoa alikwenda Phan Dinh Phung kwa sababu Bi Oanh alimwamuru akamshikie skafu. Aliomba njia nzima wanne wale waumwe matumbo. Hawakuumwa. Alipofika aliwakuta wamesimama njiani, makoti matano ya bizari, kofia tano, nyuso tano zinazotazamana kama watu waliokutana kwa mganga mmoja.

"Lieu," alisema Bi Oanh polepole, "hilo koti umelipata wapi?"

"Na wewe?"

"Mimi nimeuliza kwanza. Mimi ndiye kiranja."

"Ukiranja uliisha na chaki, mwenzangu!"

Kabla hayajawa makubwa, mzee mmoja alisimamisha baiskeli yake, akawatazama kwa heshima. "Samahani akina mama, nina sanduku la kupeleka Ha Dong. Kampuni yenu ya usafirishaji inachukua?"

Watano wakamkodolea macho. Mzee akamgeukia yule mwembamba, akamwuliza kama yeye ndiye bosi.

Wakati huohuo Tuyet akashuka kwenye teksi. Thoa alimjua bila kuonyeshwa, kwa jinsi wale watano walivyonyoosha shingo. Alikuwa amevaa kigauni cha kitani kisicho na mikono, kandambili za plastiki na kofia pana ya majani. Mkononi alikuwa na glasi ya chai ya barafu.

"Jamani!" alipiga kelele, akawakumbatia mmoja mmoja. Kisha akarudi nyuma hatua mbili. "Mnaumwa?"

"Ni majira ya kupukutika, Tuyet," alisema Bi Oanh. Jasho lilikuwa limechora barabara kwenye poda yake. "Au mmesahau huko?"

"Kusahau? Shoga, nimevaa makoti miaka thelathini. Hata kitandani nimeyavaa. Nimekuja nyumbani kuyavua."

Mpiga picha akawapanga. Watano wakasimama wima, Tuyet katikati yao akivuta chai kwa mrija. "Tabasamu! Mama wa pembeni, fungua macho." Mama wa pembeni alikuwa Bi Oanh, naye hakufungua. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, kisha akaangukia baiskeli ya mwuza maua, akazama kwenye daisi mpaka mabegani.

Hapo Thoa alimkimbilia kwa dhati, bila kufikiria wafuasi. Yeye na Tuyet walimgeuza, wakamvua koti, na vile vibanio tisa vikatokea mgongoni, vya buluu, vyekundu, kimoja kimevunjika jino. Mgongo wenyewe chini yake ulikuwa na alama nyekundu, safu nzima, kama umeumwa na kitu.

Bi Lieu, aliyekuwa akijipepea kwa kofia, akauliza kwa mnong'ono wake wa kusikika mtaa mzima: "Na wewe pia unavyo?"

Akavua lake. Alikuwa na kumi na vinne. Mwingine akavua, na mwingine. Mwembamba alikuwa na ishirini na kimoja. Waliangaliana migongo, na Bi Oanh, akiwa bado chini kwenye maua, akaanza kucheka akimwagiwa chai ya barafu usoni. Mpiga picha, aliyekuwa na akili kuliko wote pale, hakuacha kupiga.

"Thoa," alisema Bi Oanh alipopata pumzi. "Njoo hapa."

"Dada Oanh, nisamehe."

"Kwanza nitolee hivi vibanio. Halafu nitakutukana."

Akavitoa. Alivitoa vya wote watano, kimoja kimoja, amepiga magoti kwenye lami, nao wakimtukana kwa zamu, wakikosoana matusi. Miaka saba alikuwa amewavalisha wanawake wa mji huu kwa mbele. Hakuwahi kuona walivyo nyuma baada ya saa moja. Alijisikia vibaya kweli, na kwa dakika chache hakujali nani anamwona.

Tuyet alikuwa ameokota koti moja. Aliligeuza, akavuta bitana, akafikicha sufu kwa kidole gumba. "Sufu nzuri," alisema. "Saizi ya Wajerumani hii. Unayo mengine?"

"Yapo," alisema Thoa toka chini. "Kama thelathini."

"Nina duka la nguo kando ya saluni yangu ya kucha. Yote, pamoja na haya. Bei nitasema mimi."

Alitaja bei. Ilikuwa bei ya mtu aliyelelewa kwenye kibanda cha soko la Dong Xuan. Leipzig haikumharibu hata kidogo. Thoa alifungua mdomo. Watano wakamtazama, migongo imewavimba. Akaufunga.

Jioni walirudishiwa fedha zao mbele ya Bi Ngoan, ambaye aliwapima wote kwa utepe wake wa zamani, akawaahidi magauni ya hariri nyepesi, na mishono ya kweli. "Picha mtapiga Novemba," aliwaambia, "mkiwa na kisingizio cha upepo."

Makoti yalipopandishwa kwenye gari, Thoa alisimama mlangoni akiyaangalia. Aliahidi moyoni kubadilika. Ahadi ilidumu hadi kesho yake asubuhi, alipojifunga skafu, akainua simu, na kwa sauti ya mtu aliyeitwa ikulu akawatangazia wafuasi wake elfu themanini: "Akina dada, kazi yetu sasa imeingia Ulaya."

"Imeingia kwenye kontena," alisema Bi Ngoan, akavuta cherehani karibu na feni. "Sogea, unanizibia mwanga."