Mwaka wa Yadhira Usio na Karatasi

Bahasha ilirudi kama ilivyokwenda. Karatasi mia mbili na kumi za maisha ya Yadhira, na juu yake kijikaratasi kimebandikwa: serikali haipokei tena maombi mapya ya kibali cha kukaa kwa vijana walioletwa nchini wakiwa watoto. Wangesoma wakakataa, afadhali. Hawakusoma! Mtu anakutupia maisha yako mlangoni bila hata kuyafungua, halafu anajiita serikali.

Yadhira alifika Houston ana miaka minne, mgongoni kwa mama yake, Eufemia. Sasa ana ishirini na miwili, anasomea uuguzi, na bila kibali kile wanaweza kumkamata wakati wowote wakamrudisha Puebla alikozaliwa, mji asioujua hata kwa ndoto.

"Tunawashtaki," alisema wakili Noemí Arriaga siku mama na binti walipokwenda ofisini kwake, Eufemia kabeba kitambaani tamale za moto, mikate ya mahindi, maana haendi kwa mtu mikono mitupu. "Lakini ukitaka kuwa mdai, Yadhira, lazima tuthibitishe ulistahili. Uwe umeishi hapa mfululizo, na Juni 2012 uwe ndani ya nchi. Miaka mingine yote ina karatasi. Mwaka huo hauna hata risiti. Ulikuwa wapi?"

"Muulize huyu," Yadhira alijibu, akimwonyesha mama yake kwa kidevu.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Mwaka ule maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha kuku alikofanya kazi Eufemia. Akamtoa mtoto shule, wakajificha kwa mdogo wake Chabela, na kila karatasi yenye majina yao akaichoma.

"Ulinifuta, mama! Serikali imekuja kumalizia tu kazi yako!"

"Nilikuficha wasikuchukue. Ungejua nini wewe, na miaka yako tisa?"

"Basi hongera. Umenificha mpaka sionekani."

Eufemia alifungua na kufunga kifundo cha kitambaa cha tamale. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Juni ile huyu alilazwa hospitali. Siku tano. Pumu."

Wakili aliruka kitini. "Na hamkusema! Faili lipo?"

"Lipo. Kwa jina la Itzel, binti wa Chabela. Yeye kazaliwa hapa, ana kadi ya matibabu. Ningefanyaje, mtoto anabadilika rangi mikononi mwangu? Lakini waliandika kovu la moto, bega la kushoto. Itzel hana kovu."

Yadhira alishika bega lake. Hasira bado alikuwa nayo, ila sasa hakujua aitupie nani.

Noemí alivuta kompyuta, akasita. "Mama Eufemia, sikufichi. Nitahitaji kiapo chako. Jina lako halisi, unapoishi, na kwamba ulitumia kadi ya mtu mwingine. Nitaomba mahakama ikifanye siri. Wakikataa, kitasomwa na kila mtu. Na mawakili wa serikali watakisoma kwa vyovyote."

"Basi hapana," alisema Yadhira. "Niondoe kwenye kesi. Watamfuata kabla hakimu hajakaa kitini. Twende, mama."

"Keti."

"Mama, watakufukuza!"

"Keti nimesema! Nani kakupa ruhusa ya kuniogopea?" Eufemia alipiga meza, tamale zikaruka. "Miaka kumi na minane nachinja kuku na kusugua vyoo vya watu, bosi akiniuliza ninakaa wapi namdanganya. Padri nimemdanganya! Nimekuficha na ubaya, na wema nao ukashindwa kukuona. Mficha uchi hazai, na mimi nilishazaa. Wewe wakili, andika."

Noemí alimtazama Yadhira. Yadhira alikuwa analia kwa hasira, kamasi na yote, akitikisa kichwa. Mama yake hakumjali.

"Eufemia Tecuapa Rojas. Namba 418, mtaa wa Lindero." Alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, akingoja kila neno liandikwe. "Nyumba ya nyuma. Ya mbele anakaa mzee Tacho, moyo wake mbovu, wasije wakamtisha bure. Kengele haifanyi kazi. Wakija, waambie wagonge."