Chuo Kilichovua Viatu Mlangoni

Usiku wa kuamkia leo niliota ile Alhamisi ambayo kila kitu kiliniharibikia. Nianze na Alhamisi yenyewe, niliyoiona kwa macho, ndipo ndoto ieleweke.

Marehemu mke wangu, Havijawa, alikuwa fundi cherehani. Alifariki akisubiri gari la wagonjwa, na siku hiyo wakubwa walikuwa wamelituma gari hilo kubeba viti vya mapokezi ya mgeni wao. Viti vilifika salama. Aliniachia cherehani yake na shati langu la bluu, mkono mmoja ameshaushona, wa pili ameushikiza kwa pini. Mafundi wa sokoni huniambia nilete, ni kazi ya muda mfupi tu. Sitaki. Mkono ule nitaushona mimi, au utabaki na pini zake.

Basi Alhamisi nikaomba ruhusa kwenye mashine ya kusaga ninakofanya kazi, nikaenda Chuo cha Wananchi Kilangaza na shati kwenye mfuko. Mkuu wa chuo, Bwana Ndimbo, alinisikiliza huku akichokonoa meno. Akasema darasa la cherehani ni la asubuhi mpaka saa saba, ni la wasichana, mwisho miaka ishirini na nne, na ndivyo utaratibu ulivyo tangu chuo kijengwe. Nikamwambia asubuhi mimi nasaga unga wanaokula wanafunzi wake. Nikamwuliza kwa nini darasa hilo lisiwepo na jioni, tukaja sisi wenye kazi na wenye mvi. Akasema hilo ni swali zuri. Kisha akaingia kikaoni, hakutoka tena.

Ukutani, pale alipokuwa ameegemea, wameandika kwa rangi ya mafuta: CHUO HUMFUATA MWANANCHI ALIPO.

Sasa ndoto.

Nipo getini. Mlinzi ni taipureta, ile ile wanayofundishia mpaka leo, amevaa kofia. Ananiuliza nina miaka mingapi. Namwambia sitini na moja.

"Iliyozidi iache hapa, baba," anasema. "Utaichukua ukitoka."

Naivua. Miaka inatoka kama magunia matupu, inanuka unga na hospitali. Nairundika chini ya ukuta. Mbuzi wa chuo anasogea kuinusa. Mimi napita kijana wa ishirini na nne, magoti kimya kabisa.

Darasani wasichana wanafungua simu mbovu chini ya meza na kuzitengeneza, huku mwalimu akiwafundisha namna ya kubadilisha utepe wa taipureta. Anauliza habari za utepe, wao wanamjibu habari za simu, naye anawapa alama zote. Hakuna anayeona ajabu. Mimi napewa cherehani. Inanitazama.

"Umefuata nini hapa?" inauliza.

Sikumbuki. Natoa shati kwenye mfuko, naligeuza huku na huku, sijui la nani. Naona mkono umeshikizwa kwa pini, nashangaa ni fundi gani mvivu kaacha kazi katikati. Nalisema hilo kwa sauti. Wasichana wanacheka.

Cherehani haicheki. "Havijawa ulimwoa ukiwa na miaka mingapi?"

"Havijawa ndiye nani?"

"Ulikuwa na thelathini," inasema. "Kimbia getini, mjinga wewe, kabla mbuzi hajamfikia."

Nakimbia. Mbuzi ameshatafuna mwaka mmoja, bahati nzuri ni wa uchaguzi, namwachia. Iliyobaki namnyang'anya, naivaa mmoja mmoja. Mwaka wa harusi. Mwaka upepo ulipoezua paa. Mwaka aliponifundisha kutia uzi kwenye sindano, nikashindwa, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hata ule wa gari la wagonjwa nauvaa. Unanibana kifuani, lakini ni wangu.

Sasa nina miaka sitini na geti limefungwa. Bwana Ndimbo anatokeza kichwa dirishani, amevaa joho, ananitangazia kwamba nimezidi umri.

Sibishani naye. Nazungumza na chuo chenyewe.

"Wewe ndiye umeandikwa unamfuata mwananchi alipo," nakiambia. "Mwananchi ni mimi. Naenda nyumbani."

Nageuka naondoka. Nyuma yangu nasikia mabati yakilia. Chuo kimesimama. Kimeshika msingi wake kama mama anavyoshika khanga akivuka dimbwi, kinanifuata. Bwana Ndimbo anapiga kelele dirishani kwamba kibali cha kutembea hakijatoka mkoani. Tunapita kwenye mashine ya kusaga, wateja wanakiamkia chuo shikamoo, nacho kinaitikia marahaba, marahaba, bila kupunguza mwendo.

Kwangu ni chumba kimoja. Chuo kinapiga hodi, nakikaribisha. Kinavua viatu, yaani zile ngazi zake mbili za mbele ya ofisi ya mkuu, za saruji iliyopakwa rangi nyekundu, kinaziweka mlangoni kwa adabu, kisha kinainama na kuingia. Kimeeneaje, sijui. Kinakaa kitandani. Bwana Ndimbo bado yumo dirishani, shavu limebanwa kwenye kabati langu la vyombo.

"Haya, mzee mwenzangu," chuo kinasema. "Unataka kujua nini?"

Tangu Havijawa aondoke nimeulizwa mengi na watu wa ofisini: jina, kata, namba ya simu. Hilo sijaulizwa.

"Kushona mkono mmoja," nasema. "Baada ya hapo tutaona."

"Unapata nafasi saa ngapi?"

"Jioni."

"Basi ni jioni," kinasema, na nje jua linashuka papo hapo, bila kikao.

Kinanielekeza. Nakanyaga pedali, nasukuma kitambaa, napata mshono wa urefu wa kidole, umepinda kama njia ya mlevi. Chuo kinauangalia, kinasema umepinda lakini umeshika. Nacheka, na kwa muda mrefu sijasikia kicheko changu humu chumbani.

Hapo Bwana Ndimbo anachomoa shavu, anaifikia kengele ya chuo, anaigonga. Anatangaza kwamba ni saa saba, kazi imekwisha. Nje jua bado linazama. Lakini chuo kinaogopa, nacho ni mtumishi tu kama watumishi wengine. Kinaniomba radhi, kinachomoka mlangoni, kinakimbia peku.

Nikaamka.

Nikaliangalia shati. Pini zote zipo, mshono hakuna. Nikawatukana wakubwa, nikianzia chini na kupanda kwa vyeo vyao, nikachukua ndoo nikachote maji, nikafungua mlango, nikajikwaa.

Kwangu hakujawahi kuwa na ngazi. Leo zipo mbili, za saruji, nyekundu, zimewekwa sambamba pembeni mwa mlango, kama viatu vya mgeni aliyefundwa kwao.

Nikienda kazini nikapitia chuoni. Bwana Ndimbo alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, mguu mmoja unatafuta hewani pa kukanyaga. Kimo chenyewe si kirefu, lakini mtu wa cheo chake haruki mbele ya wanafunzi. Aliponiona akaniita mzee wangu, mara ya kwanza hiyo, akaniomba nimsaidie kushuka. Nikamwambia namshusha sasa hivi, anijibu kwanza lile swali langu la Alhamisi. Akasema ni swali zuri.

Nimesaga mchana kutwa, sasa ni jioni, na wapita njia wananiambia bado yuko kule juu. Nimekaa kwenye ngazi zake, shati liko mapajani, pini zake zinanichoma. Kwani darasa la cherehani likiwepo na jioni, linamwumiza nani?