Pikipiki Yenye Haina Sauti

Rutayisire alikuwa na donge ya bugari karibu na mdomo wakati binti yake alisema ile neno. Donge ikabaki pale pale, kati ya sahani na meno, sawa mugeni mwenye amesahau nyumba anaenda.

"Sema tena," akasema.

"Papa, nataka kununua pikipiki ya sport." Tumukunde alirudilia pole pole, sawa vile anasemeshaka bagonjwa mbele ya kubachoma sindano. Alikuwa na miaka makumi mbili na ine, mutoto wa kwanza, anafanya kazi ku laboratware ya hospitali, anaimba ku korali kila Siku ya Mungu. Perimi ya kuendesha alishapata. Na franga ni yake, aliiweka miaka tatu bila kusema neno.

Mama yake, Mukansanga, akatia mikono ku kichwa. "Yesu wangu! Binti za bengine banaomba bwana, wetu anaomba kifo yenye iko na matairi mbili!"

"Maman, bwana pia anaangushaka batu."

Rutayisire hakucheka. Yee ni motari. Tangu alirudi ku inchi ya bazazi yake kutoka Bukavu, kule alizaliwa na kukomalia, ni miaka makumi mbili na mbili anapakiza batu kati ya Kamembe, Gihundwe na mupaka ya Rusizi ya kwanza. Amebeba bagonjwa, mbuzi, bibi-arusi na maua yake, hata siku moja alibeba mlango pamoja na fundi wa ule mlango. Alifikiri hakuna tena kitu ya pikipiki yenye itamushtua. Sasa ameshtuka ndani ya nyumba yake, amekaa ku kiti yenye haina hata gurudumu.

"Sitanunua bila weye kuiona, Papa," Tumukunde akasema. "Ukisema hapana, ni hapana. Naacha, na sitaomba tena."

Hapo roho yake ikashuka kidogo. Akameza ile donge. Mashini gani haina ugonjwa? Ataenda, atasikiliza moteri, atatingisha kichwa sawa daktari mwenye ameona picha mubaya, na atasema: hii ilishakufa, banaitembeza tu. Mambo imeisha, na mutoto anabaki muzima.

Siku ya posho asubui, mbele ya Siku ya Mungu, bakaenda kwa Muhigirwa, muntu wa Bukavu mwenye anauzishaka pikipiki kubwa nyuma ya nyumba yake kule Gihundwe. Alikuwa na mbili. Moja nyekundu, ya moteri mia sita, nene mbele na nyembamba nyuma sawa nyigu. Ingine ya bluu, ya mia mbili na makumi tano, ndogo, imekaa pembeni sawa mudogo wa familia siku ya picha.

Rutayisire alijua ni gani binti yake atakimbilia. Akasimama mbele ya nyekundu, akakunja uso, akaanza kutafuta ugonjwa yake.

Tumukunde akapita nyuma yake, akaenda kukaa ku bluu.

"Weye!" Rutayisire akashtuka mara ya pili mu juma moja. "Unaenda wapi?"

"Papa, ni pikipiki yangu ya kwanza. Hii miguu yangu inafika chini. Uzito yake naiweza. Nikishajua vizuri njia ya Karongi na makona yake, nitafikiria ingine."

"Lakini hii ni kitu ya kuendea kununua chumvi!"

Muhigirwa akacheka. "Mzee, bengine banakuja hapa banalia ju mutoto anataka kubwa. Weye unalia ju anataka ndogo?"

Na hapo, Mungu amusamehe, Rutayisire akapandisha muguu ku nyekundu. Ni kuijaribia tu. Mwili ukalala mbele, mikono ikashuka chini, kifua ikakaa ku tanki. Muhigirwa akafungua kontakti. Moteri ikanguruma, na ule mungurumo ukapanda ku magoti, ukapita ku tumbo, ukafika fasi yenye muntu wa miaka makumi ine na tisa alifikiri hakuna tena muntu anaikalaka. Ile mupango ya udaktari ikakimbia bila kuaga.

"Kama ni kununua," akasema, sauti imekuwa ya kijana, "tununue muntu mukubwa."

"Papa..."

"Mzigo ya kujaribu ni yangu. Nashuka mupaka, napanda. Dakika kumi."

Muhigirwa akaacha kucheka. "Mzee, hii si kama ile unazoeaka. Pole pole, eh? Feri yake, ya kuisimamisha, ni ya mukono, ya mbele. Ile ya muguu ni ya kusaidia tu."

"Muhigirwa, mimi nimezeekea ku pikipiki."

Akaenda. Na alienda vizuri, tuseme ukweli. Ndani ya Kamembe batu baligeuka. Mwenzake mumoja alimujua ku jile, ile kizibao yake ya motari, akapiga kelele: "Rutayisire, umeiba kwa nani?" Yee akainua kidole moja sawa prezida. Akafika fasi barabara inaanza kuteremuka kuelekea ziwa na mupaka.

Sasa, muntu mwenye hajakaa huku hawezi kujua hii. Bamotari ba hii milima, kichwa ya mteremuko ikifika, banazimaka moteri. Kwa nini uchome mafuta na mulima inakubeba bure? Unapindua kifunguo, pikipiki inashuka yenyewe, upepo inaimba, na mteja nyuma hata hajui. Rutayisire alifanya vile mara ngapi? Hata hakufikiri. Mukono wenyewe ulienda, ukapindua kifunguo, ukarudi.

Kimya.

Sekunde ya kwanza ilikuwa utamu. Sekunde ya pili akasikia uzito. Pikipiki yake ya kazi ikizimwa inashukaka sawa muzee na fimbo. Hii ilishuka sawa jiwe. Barabara ilikuwa na maji ya mvua ya asubui. Kona ya kwanza akaipita na macho wazi, ya pili akaipita na mdomo wazi. Muguu wake, muguu wa miaka makumi mbili na mbili, ukafanya yenye unajuaka: ukakanyaga feri ya nyuma na nguvu yote. Tairi ya nyuma ikafungwa, ikaanza kutingishika huku na kule sawa mukia ya mbuzi. Feri ya mukono, hakuikumbuka. Kuwasha tena moteri, hakukumbuka.

Na pale mbele, bamaman banashuka kuelekea mupaka, mizigo ku kichwa, migongo yote inamwangalia. Hakuna hata mumoja aligeuka. Ageuke ju ya nini? Hawakusikia kitu.

Akafinya honi. Honi ilikuwa imekufa pamoja na kontakti.

"Tokeeeeni!"

Mwenye alikuwa nyuma ya bote, maman munene wa kitenge ya njano, beseni ya sambaza, samaki ndogo ya ziwa, ku kichwa, akaruka pembeni na wepesi yenye hata yee hakujua iko nayo. Pikipiki ikapita fasi mgongo yake ilikuwa. Ikalala. Ikakwaruza lami, ikaingia ndani ya magunia ya makala ya kupikia yenye ilikuwa kando, ikatulia. Beseni ikatua nyuma. Na Rutayisire akajikuta amekaa chini katikati ya barabara, kasike, ile kofia ngumu, ku kichwa, sambaza ku mabega, sambaza ndani ya jile, goti moja inawaka.

Kisha kicheko ya bamotari ba kituo cha pale ikalipuka.

"Rutayisire, unavua samaki na kasike?"

"Muache, ni sous-marin hiyo, inatembea chini ya maji!"

Ule maman, jina yake Bernadette, mufanya-biashara wa Bukavu mwenye kila muntu wa mupaka anamujua, alikuja akasimama juu yake.

"Papa, unakuja sawa mwizi? Pikipiki ya namna gani haina sauti? Niko na batoto sita, Papa! Sita! Balikuwa banikute hapa nimekuwa chapati?"

"Maman, unisamehe. Unisamehe, Maman."

"Nisamehe nini? Sambaza yangu inakuingia ku shingo unaniambia nisamehe!"

Kijana mumoja wa bamotari akachuchumaa karibu na Rutayisire. "Mzee, moteri ilikufa?"

Rutayisire akamwangalia. Uongo ilikuwa tayari ku ulimi, imevaa viatu.

"Hapana," akasema. "Niliizima."

Kicheko ikakatika. Ikakatika vile muntu anafunga radio. Bale bamotari bakaangalia viatu yao, bakaangalia mulima, ju hakuna mumoja kati yao mwenye hakuizima ile asubui. Mumoja akainama, akaanza kuokota sambaza moja moja na kuzirudisha ku beseni. Bengine bakamufwata bila kuitwa. Ule kijana akapigia Tumukunde simu.

Hapo Rutayisire akaona tena ile mgongo ya njano. Alihesabu: nusu sekunde. Kama Bernadette angekuwa muzito vile anaonekana, nusu sekunde.

Kisha dakika kidogo, mungurumo mudogo ukasikika juu. Pikipiki ya bluu ilikuwa inateremuka, moteri inaimba chini chini, inajizuia yenyewe na vitesi, gia zake. Ikafika, ikasimama kabla ya magunia, miguu mbili chini. Tumukunde akatoa kasike. Alikuwa mweupe ku midomo. Hakukimbilia babake. Alikimbilia kwanza Maman Bernadette, akamushika mukono, akamuuliza kama ameguswa, akamuangalia miguu mpaka chini. Kisha njo akakuja.

"Papa. Kunja goti. Tena. Hapa inauma?"

"Inauma ku roho."

"Roho hatunaga radio ya kuipiga picha. Simama."

Bakaweka nyekundu pembeni, kioo imevunjika, ubavu imekwaruzwa. Bamotari bakasema batailinda mpaka Muhigirwa afike. Goti ya Rutayisire ilikataa kuendesha kitu yoyote.

"Panda nyuma," Tumukunde akasema.

Akashtuka mara ya mwisho, na hii ilikuwa kubwa kupita zote. Makumi mbili na mbili ya miaka, hakuna siku alikaa nyuma ya muntu. Kiti ya nyuma ya ile pikipiki ilikuwa juu sawa fasi ya kuku kulalia. Akapanda mbele ya macho ya kituo kizima. Mikono hakujua aiweke wapi: ku magoti yake? ku mabega ya mutoto? Njo akaelewa bateja yake yote yenye balikuwa banamushika jile na kuomba kimya kimya.

Bakapanda mulima. Tumukunde alikuwa anapinda kila kona sawa muntu anakunja shuka.

Njia yote Rutayisire alikuwa na jibu yake mukononi. Ilikuwa rahisi sana sasa. Aseme tu: umeona? Hizi mashini zinauwa. Ni hapana. Na mutoto aliahidi, hatasema tena, atarudi ku basi na ku miguu, Mukansanga atalala usingizi. Hata daktari hangekuwa na picha nzuri kupita ile.

Ndani ya kiwanja ya Muhigirwa, Tumukunde akasimama, akazima, akageuza kichwa nusu.

"Papa, neno yako nilisema nitaifwata. Unasema aje?"

Rutayisire akafungua mdomo. Sambaza moja ikaanguka kutoka ku kola yake.

"Ile nyekundu haikukosa," akasema. "Ni huu mukono wangu. Moteri haikufa. Niliizima mimi."

"Nilisikia. Kijana alinipigia simu."

"Mama yako nitamuambia mwenyewe."

"Na mimi unaniambia nini?"

Rutayisire akagonga kiti ya bluu na kiganja.

"Nunua hii. Hii yenye uko juu yake."

Tumukunde hakuruka, hakupiga kelele. Alitelemuka, akamushika kidogo ku bega, kisha akaenda kuita Muhigirwa, na njiani akaanza kukimbia. Rutayisire akabaki peke yake ku pikipiki, kasike ku kichwa, amekaa nyuma. Kiti ya mbele ilikuwa bila muntu, kifunguo iko pale. Hakusogea.